Mwaka wa Kihispania

Liverpool, Uingereza
3 Oktoba 1948

Dada yangu Nyevu,

Shikamoo. Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji Mramba, na mwanangu Mapenzi, ambaye sijui sasa kimo chake kinakufika wapi. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimetulia, na chumba nilichopata safari hii kina dirisha upande wa jua, siku ambazo jua hukubali kutoka. Mwenye nyumba ni mjane mpole, hana maneno mengi. Tunakula meza moja na kusikilizana tunavyotafuna.

Habari kubwa ni kwamba nimefaulu. Digrii niliyoifuata huku nimeipata, ya Kiingereza na Kihispania, na Kihispania ndicho kilichonipandisha. Sasa nimepewa nafasi ya kusoma mwaka mmoja zaidi, masomo ya juu ya wale wanaotaka kuwa walimu wa Kihispania. Tunafunzwa namna ya kusimama mbele ya darasa na kuingiza lugha ngeni katika vichwa vya watoto. Tuko wachache, na mweusi ni mimi peke yangu.

Hujawahi kuniuliza lugha hii niliipata wapi, na mimi nilipokuja likizo mwaka wa arobaini na tano sikukueleza. Nilipolazwa hospitali Misri wakati wa vita, kitanda cha kando yangu alilala Mhispania mmoja jina lake Anselmo. Alikuwa mwalimu kwao kabla vita vyao wenyewe havijamfukuza. Hakuwa na wa kuzungumza naye, akaanza kunifundisha kwa kunionyesha kidole: kikombe, mkono, dirisha. Siku zile ndipo ilipofika barua yako kwamba mke wangu Kadzo amefariki na mtoto umemchukua wewe. Sikutaka tena kusikia Kiswahili wala Kirabai wala Kiingereza. Kihispania ndiyo lugha pekee ambayo ndani yake hapakuwa na msiba.

Waingereza ninaosoma nao wanahangaika na jambo moja. Kihispania kina maneno mawili pale ambapo Kiingereza kina moja: *ser* ni kwa kile mtu alicho, na *estar* ni kwa mahali alipo au hali aliyo nayo. Nilimwambia profesa kwamba kwetu hata mtoto mdogo hachanganyi "Kitsao ni mwalimu" na "Kitsao yuko shambani." Akanisimamisha niwaeleze wenzangu. Nilirudi chumbani nimefurahi, na hapakuwa na wa kumsimulia.

Dada, nambie habari za Mapenzi. Je, huniulizia? Anajua niko wapi?

Nduguyo akupendaye,
Kitsao

*

Mjambere, Kisauni
21 Novemba 1948

Ndugu yangu Kitsao,

Marahaba. Barua yako ilikwenda Changamwe ikakuta mlango umefungwa, ikakaa kwa mwalimu wa kanisa mpaka Mramba alipopita kuichukua. Usishangae kuona nimeandika Mjambere. Tumehama tangu Agosti. Marehemu baba yake Mramba alimwachia shamba la minazi huku, na kazi ya reli imemchosha. Sasa amenunua ng'ombe, anauza maziwa mpaka Nyali kwa Wazungu. Hewa ya huku ni nzuri, na maji ya kisima si ya chumvi sana.

Mguu wa Mramba bado unamsumbua wakati wa mvua. Mimi sijambo. Mvua za vuli zimekuja kidogo, mihogo imeshika, mahindi hayana maana.

Mapenzi hajambo. Amekuwa mrefu, ananifika kifuani. Meno ya mbele yameota, ila moja limepinda. Shuleni anasifiwa kwa kusoma. Hapendi samaki wa miiba. Ana kuku wake mmoja ambaye hataki achinjwe, na kuku huyo hatagi. Nikimtuma dukani hurudi upesi, hana tabia ya kuzurura.

Nimefurahi umefaulu. Nilimwambia padri naye akakutaja kanisani. Wazee walioketi nyuma waliuliza Wahispania ni watu gani, nami sikujua la kuwaambia. Lakini kuna jambo hukuliandika. Utamfundisha nani Kihispania huku?

Mungu akulinde katika baridi hiyo.

Dada yako,
Nyevu

*

Liverpool
9 Januari 1949

Dada Nyevu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Mpe pole shemeji kwa mguu.

Krismasi imepita. Mjane alikwenda kwa dada yake akaniachia nyama ya baridi kabatini na ufunguo. Siku tatu sikusikia sauti ya mtu akisema nami. Siku ya pili nilijisomea kwa sauti kurasa za Kihispania ili koo lisisahau kazi yake.

Sasa wametupeleka mashuleni kufanya mazoezi ya kufundisha. Mimi nimepelekwa shule moja ya wavulana karibu na bandari. Siku ya kwanza walinitazama kama wanaotazama mnyama aliyeingia kanisani. Mmoja akauliza, "Bwana, kwenu ndiko wanakosema Kihispania?" Nikamwambia, "La. Kwetu tunasema Kiswahili, na Kihispania nimejifunza kama utakavyojifunza wewe." Akasema, "Basi labda nitaweza." Dada, tangu siku hiyo wavulana wale wanafanya kazi. Profesa aliketi nyuma ya darasa akasikiliza. Baadaye aliniambia mimi ni mwalimu wa kuzaliwa. Nilikuwa sijaambiwa neno kama hilo na mtu yeyote.

Umeniandikia kimo cha Mapenzi, meno yake na kuku wake, na nimeisoma barua hiyo mpaka mikunjo imeanza kukatika. Lakini niliuliza kama huniulizia, na hilo hukulijibu. Pia sikuelewa mbona mmehama ghafla. Changamwe ndiko tulikokulia, na majirani wote ni watu wetu. Mramba alikuwa na shamba hilo miaka yote na hakulitamani.

Ikiwa anajua kuandika, mwambie aniandikie mstari mmoja. Hata wenye makosa.

Nduguyo,
Kitsao

*

Mjambere
27 Februari 1949

Kitsao,

Marahaba. Sisi hatujambo. Jua ni kali, kisima kimeshuka. Ng'ombe amezaa dume.

Mapenzi amekuandikia. Aliandika mwenyewe, sikumshika mkono, na nimeuacha mstari wake kama alivyouandika. Nilikaa nao siku kadhaa kabla ya kwenda posta.

Dada yako,
Nyevu

*Kwa Mjomba Kitsao. Shikamoo mjomba. Mimi sijambo mama hajambo na baba hajambo. Mama anasema uko Ulaya unasoma. Huko kuna kuku? Ni mimi mpwa wako Mapenzi Mramba.*

*

Liverpool
8 Mei 1949

Dada Nyevu,

Shikamoo. Natumaini mvua za masika zimefika na kisima kimejaa.

Barua yako niliipata mwisho wa Machi. Nimeanza kuijibu mara nyingi nikachana. Mara ya kwanza niliandika maneno makali ambayo nashukuru hayakufika posta. Niliuliza ni nani aliyekupa ruhusa ya kunifanya mjomba wa mwanangu. Kisha nikakumbuka likizo ile. Mapenzi alikuwa na miaka mitatu. Nilipomnyanyua alilia akakunyooshea mikono wewe. Nilikaa wiki moja nikaondoka, na tangu hapo nimekuwa karatasi inayokuja na stempu ya mfalme. Sasa nimejua pia mbona mlihama. Huko Kisauni hakuna anayejua Kadzo alikuwa nani.

Nami kuna swali lako nimelikimbia tangu Novemba. Uliniuliza nitamfundisha nani Kihispania huko. Niliandikia ofisi ya elimu kabla ya Krismasi, na jibu lilikuwa la heshima: hakuna shule Kenya yenye somo hilo, wala haitarajiwi. Nikirudi nitapewa shule ya msingi, Kiingereza na hesabu. Nilikuwa najua hivyo tangu nilipochagua somo hili. Nilichagua nikijua.

Hapa pana shule ya jioni inayofundisha makarani wa meli ziendazo Amerika ya Kusini. Mkuu wake alikuja kunisikiliza nikifundisha, na ananitaka kuanzia Septemba. Ni kazi yangu hasa, kazi ile ile niliyoisomea.

Basi nimefikiri hivi. Mapenzi ana mama na ana baba, na wote wawili wanamjua kuku wake. Usimwambie neno. Nitakubali kazi ya huku, nami nitamwandikia kama mjomba, na kumletea mjomba anacholeta. Mwambie huku kuku wapo, ila wanaishi mbali, mjini hawaonekani.

Nisamehe kwa kukawia.

Nduguyo,
Kitsao

*

Mjambere
15 Mei 1949

Ndugu yangu mpenzi Kitsao,

Salamu nyingi. Tangu Februari sijaona barua yako. Kila Ijumaa Mramba anarudi kutoka mjini na mikono mitupu, ananiangalia, halafu anaenda zizini. Nikajua umeusoma mstari ule na umenyamaza kwa sababu yake. Ulikuwa na haki. Ilinipasa kumwambia mtoto andika baba. Sikuweza kumwambia, wala sikuweza kuficha alichoandika.

Nikwambie ilivyokuwa. Kule Changamwe alianza kuniita mama mwenyewe, na unajua mimi sikujaliwa. Sikumkataza. Halafu siku moja watoto wa jirani wakamwambia yeye ni yatima, mamake amezikwa Rabai. Akaja mbio kuniuliza. Nikamwambia ni uongo. Baada ya hapo tusingeweza kukaa pale, ndiyo tukaja huku.

Wiki iliyopita nilichoka. Tulikuwa jikoni mchana, anakuna nazi. Nikamwambia, "Mapenzi, yule Kitsao uliyemwandikia si mjomba wako."

"Ni nani?"

"Ni babako. Ndiye aliyekuzaa."

"Na baba?"

"Baba Mramba ni mume wangu. Amekulea."

Akaendelea kukuna. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Na wewe?"

"Mimi ni shangazi yako. Mamako aliitwa Kadzo. Alikufa wewe bado unanyonya."

Hakulia, Kitsao. Alimaliza nazi, akatupa kifuu, akanawa mikono. Akaenda zizini kumuuliza Mramba kama ni kweli. Unamjua Mramba, hawezi uongo. Alimwambia kweli, kisha akaketi juu ya ndoo, na ng'ombe hakukamwa jioni ile mpaka nilipokwenda mimi.

Tangu siku hiyo haniiti kitu. Zamani alisema, "Mama, chakula kimeiva?" Siku hizi anasema, "Chakula kimeiva?" Nikimwita anaitika "abee" kwa adabu zote, anakuja, anasimama mbali kidogo.

Lakini shuleni amewaambia wenzake kwamba babake ni mwalimu Ulaya na anakuja kwa meli masomo yakiisha. Sikumwambia hivyo. Aliniuliza tu masomo yako yanaisha lini, nikamwambia Julai. Mengine ameyaongeza mwenyewe. Mwalimu wake amekuja kuniuliza meli inafika lini ili darasa liimbe.

Njoo, ndugu yangu. Mimi nimefanya sehemu yangu, na sina nguvu ya zaidi.

Nyevu

*

Liverpool
19 Juni 1949

Dada,

Barua zetu zimepishana baharini. Wakati unanisoma mimi nikisema usimwambie, mimi nakusoma ukisema umeshamwambia. Najua sasa hivi unayo ile ya Mei mkononi, na sijui umeificha wapi asiisome. Ichome.

Jana nilikwenda kwa mkuu wa shule ya jioni nikamrudishia kazi yake. Alikuwa ameshapiga chapa jina langu kwenye tangazo. Profesa aliniita ofisini akauliza lile swali lako: nitamfundisha nani huko? Nikamjibu nilivyopaswa kukujibu wewe zamani. Nikasema, "Hakuna." Aliinuka akanishika mkono.

Nina mtihani wa mwisho Julai. Nitaufanya. Meli ni ya mwanzo wa Agosti. Mwambie tarehe haijulikani vizuri, ila nimo njiani.

Kitsao

*

Timbwani, Likoni
20 Novemba 1949

Dada yangu Nyevu,

Shikamoo. Kuandikiana na mtu aliye ng'ambo ya maji ya Kilindini tu, mahali ambapo naweza kufika kwa miguu na kivuko, ni jambo la kuchekesha, lakini kuna mambo nashindwa kuyasema nikiwa kwenye mkeka wako, Mramba yupo na mtoto anapitapita. Nyumba niliyopanga haivuji tena, mwenye nyumba, Mzee Matano, ametia makuti mapya. Mkewe Bi Mastura huniletea wali kila Ijumaa, akabisha hodi na kuondoka kabla sijatoka. Shule ina watoto wengi kuliko madawati. Wananipenda kiasi. Vitabu vyangu vya Kihispania viko kwenye sanduku chini ya kitanda, na mchwa nimewawekea mafuta ya taa.

Hukuniuliza kwa nini mwezi uliopita nilimrudisha Mapenzi kwako, na nilipomleta sikueleza. Ulimpokea begi lake ukasema tu, "Karibuni, uji upo."

Unakumbuka tulivyoondoka Septemba. Wewe hukutoka nje. Mramba ndiye aliyetufikisha barabarani, na kuku wa mtoto akiwa ndani ya kikapu. Mapenzi hakulia siku ile wala siku iliyofuata. Alikuwa mtoto mwema mno. Alifagia asubuhi bila kutumwa, akanisalimu, akala nilichopika, na chakula changu unakijua. Jioni aliketi mlangoni akitazama upande wa kivuko. Nilimsimulia habari za Ulaya, akasikiliza kama anavyosikiliza mwalimu. Kila nilipomuuliza kitu alijibu sawasawa, na baada ya jibu hakukuwa na la pili.

Halafu akaugua homa. Bi Mastura alikuja kumkanda. Katika homa ile alikuwa akiita mama, na Bi Mastura, ambaye hajui mambo yetu, akaniuliza, "Mwalimu, mamake yuko wapi, aitwe?" Kinywa changu kilianza kusema amekufa. Nikamtazama mtoto. Nikasema, "Yuko Kisauni."

Homa ilipoisha nilimuuliza kama anataka kurudi. Akasema, "Wewe je, utabaki na nani?" Nikasema nitabaki na shule. Alifikiri, kisha akaenda kumtafuta kuku wake.

Dada, mlee. Sisemi hivi kama nilivyosema kwenye ile barua ya Mei, nikiwa mbali na nikitaka kazi yangu. Kazi ile imekwenda, na sijutii kuja, ingawa kuna jioni nasahihisha hesabu za watoto nikajikuta nimeandika neno zuri kwa Kihispania pembeni, na inabidi nilifute. Nasema mlee kwa sababu nimekaa naye. Alikuita mama alipokuwa hana nguvu ya kuchagua. Mwache akuite tena, na usimkumbushe kwamba alikuwa ameacha. Mimi nitakuja Jumamosi.

Juzi nilipoondoka kwenu alinisindikiza, unajua, lakini hujui tuliyozungumza. Tulifika njia panda ya kwenda daraja la Nyali, akasimama. Huwa anasema kwaheri na kugeuka. Safari hii alichimbachimba mchanga kwa kidole cha mguu.

"Kule Timbwani sasa unalala peke yako?"

"Ndiyo."

"Unaogopa?"

Nikataka kumwambia wanaume hawaogopi. Nikasema, "Kidogo. Kunakuwa kimya."

Akatikisa kichwa kama mtu mzima aliyesikia habari anayoifahamu.

"Mimi pia tulipohamia huku niliogopa," akasema. "Utazoea."

Akanipa mkono wake nikaushika, akauondoa, akarudi nyumbani akikimbia. Nilisimama pale mpaka watu wa maziwa wakaniomba njia kwa salamu, ndipo nikaanza kutembea.

Nduguyo,
Kitsao